Buibui wa Mtoni Katika Kisiwa cha Bukini

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya matano, na wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili: utando, hariri, aina, kielelezo, makumbusho. Kama darasa lina ramani ya Afrika, itundikwe ukutani mahali ambapo wote wataiona.

Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Karibuni katika somo letu la historia. Wenye daftari wazifungue. Wale ambao kalamu bado inawasumbua wasikilize tu, maana maneno yote nitakayosema watayakuta katika karatasi za darasa, nao watayasoma polepole na mwalimu wao.

Leo tutazungumza habari za buibui. Kina mama wa pwani wasicheke: simsemi buibui wa kuvaa, namsema buibui wa kutambaa, yule afumaye utando pembeni mwa nyumba zetu.

Huenda mtu akauliza, "Buibui na historia wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki. Tumezoea kwamba historia ni habari za wafalme, za vita na za safari za majahazi. Lakini iko historia nyingine, nayo ni historia ya maarifa: jinsi binadamu alivyopata kuvijua vitu vinavyomzunguka, nani aliviandika kwanza, na kwa nini vingine vilichelewa kuandikwa. Buibui wa leo anapatikana katika kisiwa kimoja tu duniani. Hufuma utando mkubwa mno, tena huutandaza wazi juu ya mto. Hata hivyo hakuandikwa katika vitabu vya sayansi mpaka mwaka 2010. Ilikuwaje hata akachelewa namna hiyo? Hilo ndilo swali la somo letu.

Kisiwa cha Bukini

Kwanza tutazame ramani. Anzia Dar es Salaam, ushuke kusini kwa kufuata pwani. Utapita Kilwa, Lindi na Mtwara, kisha utaingia Msumbiji. Hapo geuza macho upande wa mashariki, baharini, nawe utaona kisiwa kikubwa sana. Hicho ndicho kisiwa cha Madagaska. Wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, na watu wake waliwaita Wabuki. Mahali palipo pembamba, bahari iliyo kati ya Bukini na bara la Afrika ina upana wa kilomita kama 400. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba kama 587,000. Yaani kinaizidi nchi ya Kenya kidogo.

Wazee wa watu wa Bukini walitoka pande mbili. Wengine walivuka bahari kutoka visiwa vya mbali vya mashariki, vilivyo katika Indonesia ya leo. Wengine walitoka Afrika. Ndiyo maana lugha yao, Kimalagasi, asili yake ni ya mashariki, lakini ndani yake mna maneno ambayo sikio la Mswahili huyatambua. Ng'ombe wao humwita omby, na kuku humwita akoho. Buibui humwita hala.

Zamani sana, kabla hajakuwako binadamu, nchi ya Bukini ilikuwa imeungana na Afrika upande mmoja na India upande wa pili. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba iliachana na Afrika miaka kama milioni 160 iliyopita, ikaachana na India miaka kama milioni 88 iliyopita. Tangu hapo imezungukwa na maji pande zote. Wanyama na mimea iliyobaki huko, pamoja na wachache waliovuka bahari baadaye, walizaliana wenyewe kwa wenyewe na kubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi. Basi kisiwa kikawa na viumbe vingi ambavyo havina kwao pengine. Wanyama waitwao lemuri, ambao ni jamaa wa mbali wa komba wetu, asili yao ni huko.

Jambo hili si geni hata kwetu. Katika kisiwa cha Pemba yuko popo mkubwa alaye matunda, na popo huyo hapatikani mahali pengine popote ila Pemba. Kiumbe wa namna hii ana makao mamoja tu. Makao hayo yakiharibika, hana pa kuhamia.

Buibui na uzi wake

Kila mmoja wetu anamjua buibui, lakini tukumbushane mambo mawili. La kwanza, buibui ana miguu 8. Nzi, nyuki na panzi wana miguu 6. Kwa hiyo wataalamu hawamhesabu buibui pamoja na wadudu, bali humweka katika kundi lake pamoja na nge na kupe.

La pili ni uzi wake. Ndani ya tumbo la buibui uzi huwa majimaji. Unapotoka nje, kupitia vitundu vilivyo mwisho wa tumbo, hugeuka kuwa uzi mkavu. Tena buibui mmoja hutengeneza nyuzi za namna mbalimbali. Upo uzi mgumu wa kujengea, na upo uzi wa kunata wa kukamatia wadudu. Uzi huo ni hariri, kama hariri ya viwavi ambayo watu wamefumia nguo kwa maelfu ya miaka.

Waliotangulia kuandika

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mwaka 1862 mfalme Radama wa Pili alitawazwa katika mji wa Antananarivo, ulio katikati ya Bukini. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi. Mmoja wao alikuwa Auguste Vinson, daktari kutoka kisiwa cha Réunion, kilicho mashariki ya Bukini. Vinson alikuja kuona sherehe, lakini alikuwa mtu wa kupenda sana buibui. Mwaka 1863 alitoa kitabu juu ya buibui wa Réunion, Morisi na Bukini. Mle ndani alimweleza buibui mmoja wa ukoo ambao wataalamu huuita Caerostris kwa lugha yao.

Buibui wa ukoo huo wana vinundu mwilini, na rangi yao ni kama ya gome la mti. Mchana hutulia juu ya tawi, wakajikunja, na mpita njia hudhani ameona kifundo cha mti. Kumbukeni jambo hilo, maana litatusaidia mbele.

Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 1882, Mwingereza mmoja, Arthur Butler, aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, aliwaeleza buibui wengine wa ukoo huo huo waliotoka Bukini. Basi kabla ya karne ya 19 kwisha, jamaa kadhaa za buibui wetu walikwisha kuandikwa na kupewa majina. Yeye mwenyewe alikuwa bado.

Padri na hariri ya dhahabu

Katika miaka hiyo ya 1880 alikuwako Bukini padri mmoja Mfaransa, Paul Camboué. Padri huyu alivutiwa na buibui wa aina nyingine kabisa. Wenyeji walimwita halabe, maana yake buibui mkubwa. Hariri ya halabe ni ya manjano, nayo hung'aa juani kama dhahabu. Camboué alifikiri: kama kiwavi ametajirisha nchi za Asia kwa hariri yake, kwa nini buibui asiitajirishe Bukini?

Wazo hilo halikuwa jipya. Huko Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 18, mtu mmoja alitengeneza soksi na glavu za hariri ya buibui. Wataalamu walizisifu, kisha wakapiga hesabu, wakaona kazi haitalipa. Viwavi wa hariri hula majani, na hukaa pamoja kwa amani. Buibui hutaka chakula kilicho hai, na ukiwafungia mahali pamoja hulana wao kwa wao.

Camboué alijaribu njia nyingine. Hakutaka kuwafuga katika vizimba vya kujazana. Alitaka kuwakamata, kuvuta uzi wao, kisha kuwaachilia. Mwenzake, Nogué, alitengeneza chombo kidogo cha kuwashika buibui 24 kwa pamoja, taratibu, bila kuwaua. Nyuzi zao 24 zilivutwa na kusokotwa ziwe uzi mmoja. Kwa uzi huo zilifumwa pazia za kitanda, zikapelekwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900. Watu walistaajabu. Lakini kiwanda hakikupatikana, maana gharama ilizidi faida.

Zaidi ya miaka 100 ikapita. Kisha watu wawili, Simon Peers na Nicholas Godley, wakatengeneza tena chombo cha namna ile ile huko Antananarivo. Vibarua waliwaokota buibui kwa fito ndefu, wengi wao kutoka katika nguzo za simu. Kazi ilichukua miaka kama 4, na buibui waliotumiwa walizidi milioni 1. Mwaka 2009 nguo yao ya rangi ya dhahabu ilionyeshwa New York katika nchi ya Marekani, na mwaka 2012 joho zima lilionyeshwa London.

Ndugu wasikilizaji, tazameni mambo yalivyokwenda. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, watu waliotafuta uzi wa buibui katika Bukini walimtazama halabe, kwa sababu uzi wake una rangi ya dhahabu. Wakati wote huo, katika misitu ya mashariki ya kisiwa hicho hicho, uzi wenye nguvu kuupita wa halabe ulikuwa umening'inia juu ya mito. Hauna rangi ya dhahabu, na hakuna aliyeupima.

Utando juu ya mto

Sasa tufike mtoni. Upande wa mashariki wa Bukini kuna misitu ya mvua, yenye miti mirefu, ukungu, na mito inayoshuka kutoka milimani kwenda baharini. Huko kuna hifadhi za Andasibe-Mantadia na Ranomafana. Katika misitu hiyo walifika wataalamu wawili wa buibui, Matjaž Kuntner wa nchi ya Slovenia na Ingi Agnarsson, mzaliwa wa Iceland. Juu ya mito na maziwa waliona tando za ajabu.

Buibui wengi wafumao utando wa mviringo huuweka kati ya vijiti viwili, au kati ya mti na mti. Huyu huutundika katikati ya mto. Uzi wake wa juu, ambao ndio daraja lake, huanzia mti wa ng'ambo hii na kuishia mti wa ng'ambo ile, na wataalamu waliukuta ukifika urefu wa mita 25. Pimeni hatua 25 kubwa hapo nje ya darasa, nanyi mtaona ni mbali kiasi gani. Utando wenyewe, ule mviringo unaokamata wadudu, ulifika ukubwa wa karibu mita za mraba 3. Mkeka wa kulalia watu wawili hauufikii. Na mfumaji wa yote hayo ni buibui jike mwenye urefu wa sentimita 2 hivi. Dume ni mdogo sana kuliko jike.

Je, huvukaje mto? Haogelei, wala haruki. Husimama juu ya jani au tawi ukingoni, akatoa nyuzi nyingi kwa mara moja. Upepo huzichukua nyuzi hizo juu ya maji mpaka zikanasa katika majani ya upande wa pili. Zikishanasa, huzivuta zikaze, kisha hutembea juu yake na kuziongezea nguvu. Daraja likiwa tayari, hushuka chini yake na kufuma utando wa kukamatia wadudu.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu juu ya mto kuna chakula tele, na buibui wengine hawawezi kukifikia. Wadudu wengi huzaliwa majini, kisha huota mabawa na kuruka pamoja. Hewa iliyo juu ya mto ndiyo barabara yao. Buibui huyu ameweka wavu wake katikati ya barabara hiyo, kama mvuvi ategaye mahali ambapo samaki hupita.

Kuandikwa katika vitabu

Lakini kumwona kiumbe si sawa na kumtambulisha kwa ulimwengu wa sayansi. Kazi hiyo ina taratibu zake, na inafaa tuzijue.

Kwanza mtaalamu huchukua vielelezo, yaani buibui wachache, huwatia katika chupa ya spiriti na kuandika mahali na siku walipokamatwa. Pili huwalinganisha na wale wote wa ukoo huo walioandikwa zamani. Hapa ndipo vitabu vya Vinson na Butler vinapofaa, pamoja na buibui wa zamani waliohifadhiwa katika makumbusho. Kazi hii ni ngumu, maana jamaa hawa wanafanana sana kwa sura na kwa rangi. Mara nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, ambavyo huonekana vizuri kwa darubini tu. Tatu, akishahakikisha kwamba huyu ni aina nyingine, huandika maelezo yake, huchora picha, humpa jina, na huyachapisha yote ili watu wengine wayasome na kuyahakiki. Mwisho, kielelezo huwekwa katika makumbusho ili mtu yeyote mwenye shaka aende akakitazame.

Mtindo wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ulienezwa na Mswidi Carl Linnaeus katika karne ya 18. Neno la kwanza ni la ukoo, na la pili ni lake peke yake. Buibui wa mtoni alipewa jina Caerostris darwini, kwa heshima ya Charles Darwin, yule Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Kitabu mashuhuri cha Darwin kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, na maelezo ya buibui huyu yalitayarishwa tarehe 24 Novemba 2009, yaani miaka 150 kamili baadaye. Yalichapishwa mwaka 2010.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2015 wataalamu waliandika aina 6 nyingine mpya za ukoo huo huo, kutoka Bukini na bara la Afrika. Wale watu wa zamani waliodhani kwamba hesabu imekwisha walikuwa wamefungua ukurasa wa kwanza tu.

Uzi uliopimwa

Wataalamu hawakutosheka na kumpa jina. Walijiuliza: utando mkubwa namna hii, unaopigwa na upepo wa mtoni na kugongwa na wadudu wazito, mbona haukatiki? Basi uzi wake ulipelekwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Akron, ukavutwa kwa mashine mpaka ukakatika.

Ili tuyaelewe majibu, tufikirie vitu viwili tunavyovijua. Kamba ya mkonge ina nguvu, lakini haivutiki. Ukiifunga mtini kisha ukaivuta ghafula kwa nguvu nyingi, hukatika mara moja. Mpira huvutika sana, lakini hauna nguvu ya kubeba mzigo mzito. Uzi wa buibui huyu una sifa zote mbili: una nguvu, tena huvutika. Mdudu mkubwa akija kwa kasi na kuugonga, uzi hurefuka, unaimeza ile kasi yake, naye hubaki amenaswa.

Majibu yalitangazwa mwaka 2010. Kwa unene ule ule, nguvu inayotakiwa kuukata uzi huu ilikuwa zaidi ya mara 2 ya ile ya hariri yoyote ya buibui iliyokuwa imepimwa kabla yake. Ukilinganishwa na Kevlar, nyuzi za kiwandani zitumikazo katika mavazi ya kuzuia risasi, uliishinda mara 10 hivi. Kati ya vitu vyote vilivyotengenezwa na viumbe na kupimwa mpaka wakati ule, huo ndio ulioongoza.

Ni nani aliyegundua?

Sasa twende kwenye jambo la kufikiri. Tunasema kwamba buibui huyu aligunduliwa na wataalamu wa kigeni. Je, watu wa Bukini wakaao karibu na mito hawakumwona? Utando wa mita 25 huonekana na kila apitaye kwa mtumbwi. Haiyumkiniki kwamba watu wameishi huko zaidi ya miaka 1,000 bila kuuona.

Basi tutofautishe maarifa ya namna mbili. Ninyi wanafunzi wa darasa hili mmesema lugha yenu tangu utotoni. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kuisema. Lakini mtu asiyejua kuandika, maneno yake hufika pale sauti yake inapofika, na akifa huenda naye. Akiandika, mtu wa mbali na mtu wa kesho watayapata. Hali kadhalika mwenyeji wa mtoni anajua mahali buibui akaapo, na labda anajua saa atokapo kufuma. Maarifa hayo ni ya kweli. Lakini bila kuandikwa, mtu wa Slovenia au wa Dar es Salaam hawezi kujua kwamba buibui wa mto ule si sawa na wa msitu mwingine. Kuandika hakukumwumba buibui. Kulifanya habari zake ziweze kusafiri.

Na kwa nini waandishi wa zamani walimkosa? Tuwatazame mmoja mmoja. Vinson alikuwa mgeni wa sherehe. Aliwaokota buibui aliowakuta safarini. Butler alikaa London. Aliwaeleza wale walioletwa mezani kwake. Camboué alitafuta hariri ya kuuza. Akamwona mwenye uzi wa dhahabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Lakini kila mtu huona zaidi kile alichokwenda kukitafuta. Na huyu buibui, mwenye sura ya gome la mti na jamaa wanaofanana naye, alihitaji mtu wa kusimama ukingoni, amtazame akifanya kazi.

Msitu unaopungua

Liko jambo moja zito, nalo ndilo linalonifanya niwaletee somo hili. Buibui huyu alisubiri miaka 147 tangu kitabu cha Vinson mpaka kuandikwa kwake. Aliweza kusubiri kwa sababu msitu wake ulikuwa bado upo. Je, viumbe wengine ambao hawajaandikwa wataweza kusubiri?

Wataalamu walilinganisha picha na ramani za misitu ya Bukini. Waliona kwamba tangu mwaka 1953 hadi mwaka 2014 kisiwa kilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili. Maana yake, katika kila ekari 100 za msitu zilizokuwako mwaka 1953, ekari 44 zilikwisha kutoweka. Miti hukatwa kwa mkaa na kwa mbao. Misitu huchomwa ili kupata mashamba ya mpunga. Kilimo hicho Wabuki hukiita tavy. Tusiwahukumu kwa haraka. Mkulima anayechoma msitu anatafuta wali wa watoto wake, kama mkulima wa mahali pengine popote. Lakini msitu ukiondoka, udongo huchukuliwa na mvua, mito hujaa tope, na baada ya miaka michache shamba lenyewe halizai. Hasara inamrudia yeye yule.

Mwaka ule ule wa 2010 ambao buibui wetu aliandikwa, sehemu ya misitu hiyo ya mashariki, pamoja na Ranomafana, iliingizwa na shirika la Unesco katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, hasa kwa sababu ya wizi wa magogo na uwindaji wa lemuri. Ilikaa katika orodha hiyo miaka 15. Mwaka 2025 iliondolewa, baada ya kuonekana kwamba ulinzi umeboreka. Kwa hiyo tusikate tamaa: msitu ukilindwa, hupona. Lakini kiumbe wa kisiwa kimoja akiisha, hakuna mbegu yake mahali pengine. Na kama hakuwa ameandikwa, hakuna atakayejua hata kwamba kimepotea kitu. Kama ule uzi usingepimwa, nani angesikitika kwa kuukosa?

Ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Someni karatasi zenu tena, zungumzeni na mwalimu, na msiogope kubishana. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maana ya maneno

Utando: nyuzi zilizofumwa na buibui kwa kukamatia wadudu.
Hariri: uzi laini utokao kwa viwavi au buibui.
Aina: kundi la viumbe wanaofanana na kuzaana wao kwa wao.
Kielelezo: kiumbe au kitu kilichohifadhiwa ili kitazamwe na kulinganishwa na vingine.
Makumbusho: nyumba ya kuhifadhia vitu vya historia na vya sayansi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kisiwa cha Bukini kina viumbe wengi wasiopatikana pengine?
2. Padri Camboué alimtafuta buibui gani, na kwa nini?
3. Eleza kwa maneno yako jinsi buibui wa mtoni anavyovuka mto.
4. Kuna tofauti gani kati ya nguvu ya kamba ya mkonge na nguvu ya uzi wa buibui huyu?
5. Je, ni haki kusema kwamba buibui huyu "aligunduliwa" mwaka 2010? Toa sababu za kukubali na za kukataa.

Kazi ya kuandika: Chagua mnyama mmoja mdogo wa mahali unapoishi, ambaye watu wengi hawamjali. Andika mistari mitano: jina lake katika lugha ya nyumbani, mahali akaapo, wakati anaoonekana, chakula chake, na jambo moja ulilomwona akifanya kwa macho yako mwenyewe.